Jini Niliyemtia Mwilini mwa Asmahani

Asmahani binti Uweso ni jirani yangu hapa Mwera. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mnazi mmoja na kamba ya kuanikia nguo. Nimemjua tangu alipoletwa bibi harusi, msichana wa miaka ishirini, na sasa amepita arobaini. Kwa kusuka ukili, ule mshipi wa majani ya mkindu unaoshonwa kuwa mkeka, hana mpinzani. Watu wakiniuliza alikuwa akisuka kwa kasi gani, huwaambia kwamba siku moja kuku alikuja kutaga karibu naye, akataka kuinuka akajikuta ameshasukiwa kikapu, yeye ndani na yai lake ndani. Hapo nimetia chumvi. La kweli ni kwamba alikuwa hatazami vidole. Anazungumza, anacheka, anamwita mumewe Shaib aje ale, na ukindu unakwenda wenyewe mapajani mwake kama maji.

Harusi ikija, wanawake tulikuwa tukikusanyika uani kwake baada ya sala ya alasiri. Kila mmoja anasuka kipande chake cha ukili, na yeye ndiye anayevishona vyote vikawa mkeka mmoja wa bibi harusi. Mkeka ambao haukupita mikononi mwa Asmahani, mama wa bibi harusi aliupokea kwa shingo upande.

Nasema "alikuwa", nasema "tulikuwa". Hapo ndipo aibu yangu inapoanzia.

Baridi yabisi ilimwanza miaka minne iliyopita. Akawa anaamka vidole vimekaza, hata kibiriti hawezi kukiwasha mpaka jua lipande. Shaib, ambaye kazi yake ni kukwea minazi, akawa ndiye anayemfunga kanga asubuhi. Wakaenda hospitali mjini Tanga, akapimwa damu, wakaambiwa kwamba huu si uchovu wala si uzee, ni mwili wenyewe umegeuka unavipiga vita viungo vyake. Akapewa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Yeye alichagua Alhamisi. Alhamisi anavimeza baada ya chakula, Ijumaa anashinda na kichefuchefu, Jumamosi yuko uani na ukindu wake. Ukapita mwaka, ikapita miwili, vidole vikalegea, tukasahau.

Kisha ukaja muwasho.

Ulianzia viwikoni ukashuka mikononi, ukapanda shingoni, ukaenda mgongoni katikati, pale ambapo mkono haufiki. Upele hana. Kovu hana. Ngozi safi kama ya mtoto, na mtu anajikuna mpaka damu. Muwasho ukitulia, hapohapo panawaka moto, kama mtu amekupitishia waya wa umeme chini ya ngozi. Alibadilisha sabuni. Akachemsha mwarobaini akaoga. Akaanika godoro juani siku tatu. Zahanati wakampa dawa ya mzio, nayo ikampa usingizi tu, akaamka anajikuna. Kucha zikawa hazitoshi, akawa anatumia gunzi la muhindi.

Na watu nao hawakumwacha. Yupo mwenzetu mmoja, Samira, ana ulimi mkali kama kisu cha kupaa samaki. Tulikuwa tunasuka mkeka wa harusi ya binti yake. Siku hiyo alifika, akatazama pa kukaa, akasema:

"Shoga, ua huu umeota upupu, au upupu ni wewe mwenyewe?"

"Sina upele, Samira. Tazama mkono huu."

"Sijasema una upele. Nasema mie leo nakaa huku kwenye upepo." Akavuta kigoda chake hadi karibu na mlango wa jiko.

Wanawake wakacheka. Nami nilicheka. Asmahani aliweka ukili chini, akanigeukia.

"Bi Zuwena, weye umeona mengi. Hebu niambie, ni nini hiki kinachonitafuna?"

Wote wakanitazama. Sasa nieleweni vizuri, maana sitaki kujitetea, nataka mjue tu ilivyokuwa. Shule naijua kwa nje, siku ya kupiga kura. Herufi nikiziona ni kama sisimizi wamepanga foleni. Nilichonacho ni mdomo. Mdomo huu umenipatia chai katika nyumba zote za hapa. Ni mdomo huu uliowasimulia watu habari za pweza aliyekamata trekta la mkonge akalivuta mpaka majini na dereva akipiga honi. Mtu akiniuliza jambo sijawahi kumrudisha mikono mitupu. Jibu la kweli siku ile lilikuwa neno moja tu, tena fupi, lakini sikulizoea.

"Hilo nalijua," nikasema. "Lilimpata dada yangu Mwanamkasi, kwetu Maramba."

"Lipi hilo?"

"Jini. Usishtuke, si jini mbaya. Ni jini msukaji. Nao kule kwao wanaozana, wanataka mikeka, ila ukindu hauoti. Basi msukaji wao hutafuta binadamu mwenye mikono mizuri kuliko wote, akaingia chini ya ngozi yake, akasukia mishipa yake. Huo muwasho ni vidole vyake vinapita. Huo moto ni pale anapokaza."

"Ala!" akasema Samira. "Na anamaliza lini?"

"Inategemea mkeka. Wa mtu mmoja miezi miwili, wa watu wawili zaidi. Lakini ole wako umkatie katikati! Dawa kali za hospitali zinakata ukili. Ukili ukikatika anafumua wote, anaanza upya, tena kwa hasira."

"Na huyo dada yako?" akauliza Asmahani.

"Alivumilia, mwanangu. Siku moja aliamka mwili mwepesi, anafungua mlango, anakuta kizingitini mkeka umekunjwa, una rangi saba. Jini kamwachia mmoja kwa shukurani."

Walicheka mpaka Samira akanipiga bega. Asmahani hakucheka. Alikuwa ameinua mikono yake anaitazama, mbele na nyuma, kama mtu aliyeletewa barua.

Nimefikiri sana kwa nini aliamini yeye, mtu mwenye akili zake, na wengine wakacheka. Nadhani ni hivi. Dakika moja kabla aliitwa upupu. Mie nikamwambia amechaguliwa kwa uzuri wa mikono yake. Tena nilimpa maneno ya kazi yake mwenyewe. Msukaji yeyote anajua uchungu wa kukatiwa ukili kabla haujaisha. Kama ningemwambia jini mvuvi au jini mkulima, angenicheka kama wenzake.

Alhamisi ile hakumeza vidonge. Hilo sikulijua. Ya pili nayo sikuijua. Ya tatu niliijua, na hapa ndipo mzigo wangu ulipo, wala siwezi kumtupia mtu mwingine.

Nilimkuta kisimani anateka maji kwa viganja viwili vilivyobanana kwenye kamba, vidole havikunjiki. Akaniinamia sikioni.

"Bi Zuwena, nimemwachia nafasi amalize."

"Nani?"

"Msukaji. Vidonge nimevificha kwenye ndoo ya mchele. Shaib anadhani nameza."

Ningesema pale pale. Ningesema: mwanangu, nilikuwa napiga soga. Maneno yangekuwa matano, sita. Lakini katika miaka yangu sabini na kitu watu wamenicheka, wamenipa chai, wamenipenda, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniamini. Huyu alikuwa wa kwanza. Alinitazama kama watu wanavyomtazama shehe. Utamu ukanipanda, nikamshika bega nikamwambia:

"Vizuri, mwanangu. Vumilia."

Nikabeba ndoo yangu nikaenda zangu. Hata wimbo niliimba njiani.

Alhamisi ya nne, ya tano, ya sita. Uani kwake hapakuwa na kikao tena. Nilijiambia ana shughuli. Nikiona mlango wake umefungwa, napita upande wa pili wa mnazi. Ukijua jambo usilojua namna ya kulitazama, ni rahisi kutafuta njia nyingine ya kupita.

Wiki ya saba, asubuhi, Shaib alibisha hodi kwangu. Alikuwa amevaa nguo za kazi, kamba ya kukwelea begani, lakini hakwenda kazini.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba. Mgonjwa hajambo?"

"Hashiki kikombe. Namlisha. Nimemwambia twende hospitali, anasema bado kidogo. Bado kidogo nini, hasemi. Anataka nikuite weye."

Nilimkuta amekaa kitandani, mikono ameiweka juu ya mto kama vitu vya mtu mwingine. Vifundo vimevimba vinang'aa. Vidole vya mkono wa kushoto vimelala upande. Magoti nayo yamevimba. Na ule muwasho haukuwa umepungua hata chembe, shingo yake yote ilikuwa mistari ya damu. Lakini alikuwa anatabasamu.

"Amefika pindoni, bibi. Namsikia. Anakaza sana sasa, ndiyo maana mikono imejikunja. Si ndivyo alivyofanya kwa dada yako?"

Shaib akanitazama. "Nani amefika pindoni?"

Nilikaa chini sakafuni.

"Asmahani," nikasema, "hakuna jini. Nilitunga. Nilitunga pale pale nikiwa nimeshika ukili."

Akaendelea kutabasamu. "Shaib amekutuma."

"Hakunituma. Naapa kwa Mungu."

"Na trekta uliapa, bibi."

Shaib, ambaye ndiyo kwanza anaanza kuelewa, akacheka kicheko kibaya kisicho na furaha. "Bi Zuwena, yaani leo ndiyo umeamua kusema kweli? Leo?"

Mjue nilivyojiona. Nilidanganya mara moja, nikaaminiwa. Nikasema kweli mara tatu, nne, nikilia, na kila nikisema anatikisa kichwa kwa upole kama anayembembeleza mtoto. Akaniambia, "Usiogope, bibi, sitamtaja mbele za watu, najua majini hawapendi." Yule jini nilikuwa nimemtia mwilini mwake kwa dakika tano, na sasa sikuwa na njia ya kumtoa. Kwa uongo ningeweza. Nilifikiri hata kumwambia jini amenijia ndotoni amesema ameahirisha harusi, anywe dawa zake. Maneno yalikuwa tayari kinywani, matamu. Nikayameza. Ningemtoa jini mmoja na kumwingizia mwingine, na siku moja huyo naye angenidai.

Likabaki jambo moja ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote hapa Mwera. Niliolewa huku nikitoka mbali, na yaliyobaki Maramba yalibaki Maramba.

"Mwanamkasi alikuwapo kweli," nikasema. "Dada yangu wa tumbo moja. Hilo sikutunga. Vidole vyake vilianza kama vyako. Miaka hiyo dawa kama zako hatukuzijua. Alikuwa anafuma vikofia, mpaka sindano ikamshinda. Nilikuwa namsuka nywele mie, namvua nguo mie. Hakuamka siku moja mwepesi. Alikunjika, mwanangu. Mikono, viwiko, magoti. Alikaa miaka tisa ndani. Alipokufa, sisi wanawake tulimuosha. Tukataka kumlaza mikono vizuri, ikakataa. Mama yetu alishika vidole vyake kimoja kimoja, anavibembeleza vifunguke, anamwambia, 'Nipe mkono, mwanangu, nipe mkono.' Havikufunguka. Tukamzika hivyo."

 Nje jogoo aliwika, nikamchukia.

"Na mkeka?" akauliza Asmahani. Tabasamu limekwenda.

"Mkeka gani?"

"Wa rangi saba. Mlangoni."

"Hapakuwa na mkeka. Nilimpa huo mie, siku ile uani, nilipokuwa namsimulia. Sikutaka aishie alipoishia."

 Asmahani akaitazama mikono yake juu ya mto, akajaribu kufungua kidole cha shahada. Kilifunguka nusu, kikarudi. Akajaribu tena. Akageuza uso ukutani na mabega yakaanza kutikisika, na kila anapotikisika muwasho ukawa unamwamka, analia na kujikuna kwa kiwiko, na sisi wawili tumekaa tu tunatazama.

"Shaib," akasema bila kugeuka. "Ndoo ya mchele."

Shaib aliingiza mkono, akatoa bahasha saba ndogo za karatasi, zimejaa vumbi la mchele. Akazipanga kitandani moja moja. Sikuweza kuzitazama.

Siku ya pili gari lilituchukua hadi Tanga. Sikualikwa, nilipanda. Daktari alikuwa msichana wa umri wa mjukuu wangu, jina lake Brightness. Alinipa shikamoo, akamshika Asmahani mikono kwa taratibu, kifundo kwa kifundo, akafungua faili.

"Mama, ulikuwa unaendelea vizuri sana. Nani alikwambia uache dawa?"

Asmahani akatazama dirishani.  Alinifichia, baada ya yote yale, na hilo liliniuma kuliko kama angeninyooshea kidole.

"Mie," nikasema. "Ni mie, daktari."

Nilieleza yote. Jini, ukili, kisimani, yote. Nilitegemea atacheka au atanifukuza. Aliandika tu. Kisha akasema dawa atazianza tena baada ya kupimwa damu na ini, na kwamba vidole vingi vitarudi, lakini viwili vya kushoto hawezi kuahidi.

"Na muwasho?" akauliza Asmahani. "Daktari, huu muwasho ni nini?"

Yule binti akaweka kalamu chini. "Sijui, mama."

Nikadhani sikusikia vizuri.

"Nadhani ni mishipa ya fahamu," akaendelea. "Inapeleka habari ya uongo kwenye ubongo, kwamba ngozi inaguswa, kumbe haikuguswa. Lakini kwa nini inafanya hivyo kwako, sijui. Tutapima sukari, figo, vitu vingi. Huenda tukapata sababu, huenda tusipate. Nitakupa dawa ya kutuliza mishipa. Ikisaidia nusu, tutashukuru. Kucha zikate fupi. Maji ya moto achana nayo. Ukiwashwa, sugua kwa kiganja au weka kitambaa cha maji baridi."

"Kwa hiyo si mawazo yangu?"

"Hapana, mama. Unachokisikia ni cha kweli."

Asmahani akalia kwa mara ya pili, ila safari hii alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mie niko pembeni na buibui langu, nasikia bado lile neno "sijui" likizunguka chumbani. Mtu amesoma miaka yote hiyo, ana koti jeupe, na amelisema bila kutetemeka. Na pale aliposema kuna kitu mwilini kinapeleka habari za uongo, nilijiona nimetajwa jina.

Mkeka wa binti wa Samira niliushona mie. Nilisema ni adhabu yangu, wakaniachia. Ulitoka umekwenda upande, pembe moja imeinuka kama sikio la mbuzi. Samira aliupokea, akaugeuza, akafungua mdomo aseme neno, akaniona usoni, akaufunga. Sijawahi kumwona Samira akimeza neno. Jioni ile ile alipeleka chungu cha uji kwa Asmahani, akakaa naye mkeka mmoja.

Sasa ni mwezi wa tano tangu twende hospitali. Vidole vitatu vya kushoto vimerudi, na mkono wa kulia wote. Viwili vimebaki vimelala, na ndivyo vile alivyokuwa akivitegemea kukazia ukili. Anasuka, lakini anatazama anachofanya. Pima moja ya ukili aliyokuwa anamaliza kabla maji ya chai hayajachemka, sasa inamchukua siku mbili. Ile dawa ya mishipa imemsaidia, si nusu, labda robo na kitu. Muwasho unakuja unapotaka. Zipo siku anashinda vizuri, zipo siku anatoka chumbani macho mekundu na ukimsemesha hajibu. Sababu haijapatikana.

Kwetu, Ramadhani ikikaribia, watu hupita nyumba kwa nyumba kutakana radhi. Mwaka huu nilipita kwa wote kwanza, kwa Samira, kwa Shaib aliyekuwa juu ya mnazi nikamwombea chini, mpaka kwa mtu niliyegombana naye juu ya kuku zamani hata kuku mwenyewe simkumbuki. Kwa Asmahani nikaacha mwisho. Nilimkuta uani, peke yake, ukili mapajani.

"Nimekuja kutaka radhi," nikasema.

"Kwa lipi, bibi?" Hakuinua kichwa.

"Kwa lile la ukindu, la uani, nililokutungia. Na la kisimani. La kisimani zaidi. La uani nilikuwa najisemea tu. La kisimani nilikuwa najua."

Aliacha kusuka. Nikasubiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jibu, hata la kufukuzwa. Naye hakusema nimekusamehe, wala hakusema sikusamehi. Uso ukamkunjika, nikajua si mie, ni ule muwasho umemwanza.

"Mgongoni," akasema. "Pale kati. Sifiki."

Nilipiga magoti nyuma yake, nikashusha kanga yake kidogo, nikaweka kiganja. Ngozi ilikuwa ya moto. Nikamsugua polepole bila kucha, kama tulivyofundishwa.

"Juu kidogo," akasema.

Nikapanda juu kidogo.

"Hapo. Usitoe mkono."

Adhana ya magharibi ilitukuta hivyo hivyo, mie mkono mgongoni kwake, naye amefumba macho.